Uzi wa Buibui Usiokatika

Hili halina ubishi: siku moja wanyama walikusanyika uani kwa Kima kusokota pamba. Desturi yao ilikuwa kwamba uzi wa mmoja ukikatika, jirani husogeza kigoda, wakauunga pamoja, na papo hapo umbea ukaanza.

Buibui alikuja mara ya kwanza, hana rafiki hata mmoja. “Wangu haukatiki, hata Tembo auvute!” alijigamba, akitumaini watakuja kuustaajabia.

“Hongera, shoga,” alijibu Panya, kisha akamgeukia Kobe, ambaye uzi wake ulikuwa umekatika mara ya tano.

Buibui akazidi kusokota, uzi mwembamba zaidi, imara zaidi. Vigoda vilisogea huku na huko, vicheko vikapasuka, lakini karibu yake hakuja yeyote. Jua lilipoanza kushuka, aliutazama uzi wake mrefu, mzima, ambao hakuna mkono mwingine uliougusa.

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaung'ata.

“Jamani,” alisema kwa sauti ndogo, “wangu nao umekatika.”

“Na majigambo yote yale!” alicheka Panya, akiburuta kigoda chake. “Haya, shoga, shika ncha hiyo.” Akamwinamia sikioni. “Umesikia ya Kobe?”