Maboksi ya Sabuni

Boksi la sabuni lilikuwa limepasuliwa, likanyooshwa, na upande wake wa ndani ulikuwa umechorwa miguu ya mwanamke.

Mama mkwe alikuwa akitafuta kitambaa cha kumfutia mzee wake udenda, maana tangu kiharusi kimlaze hata kusema hasemi. Alipochomoa kimoja kwenye nguo za mkwewe, michoro ikamwagika sakafuni. Yote ni ya makaa, yote kwenye maboksi ya sabuni. Visigino. Pindo la gauni. Kiuno kilichoinama kufagia. Na chini yake mashairi, herufi zimelala ovyo kama zimelewa:

*Pindo lako likipita, roho yangu hujikokota nyuma yake.*

Mwanawe yuko safarini anachakarika, huku mwanamume mwingine anamlamba mkewe kwa macho.

"Uchafu huu wa nani?"

Mkwe alikuwa mlangoni na bakuli la uji wa mzee. Akainamisha kichwa. "Nayakuta tu, mama."

"Yanaota kama uyoga?"

"Niliyaficha usiyaone wewe."

"Ungeyachoma! Au ulitaka uyatundike ukutani?"

Mama mkwe akayabeba kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia, mpaka duka wanakonunua sabuni.

"Sabuni hii unauza wewe?"

"Nauza mimi, mama," akasema muuza duka. "Na anayeinunua ni wewe."

"Huna haya, na ulimi unao." Akatema mate kizingitini, akaondoka.

Nyumbani alimfungashia mkwe nguo zake kwenye shuka. "Nenda kwenu. Mumeo akirudi nitamweleza mwenyewe."

Yule binti alifungua mdomo, akamtazama mama mkwe, akaufunga. Akajitwika furushi. Alipofika usawa wa mlango wa mzee alipita mbiombio, kama kawaida yake, kashikilia gauni kwa nyuma.

Mama mkwe aliyatia maboksi jikoni yakaungua yote, akanawa mikono, akarudia kunawa. Roho ikatulia kidogo. Akachukua maji na sabuni, akaenda kumwogesha mzee.

Alipomgeuza ubavu, kitu cheusi kikaanguka kutoka kwenye mkono wake wa kushoto, ambao kiharusi hakikuugusa, kikabingirika hadi miguuni pake.

Kipande cha kaa.

Na pale shavu la mzee lilipokuwa limelalia, boksi la sabuni: mwanamke mwenye furushi kichwani, kageuza mgongo, anatoka. Visigino vyake vilikuwa vimelowa udenda.