Bangili ya Bi Zuwena

Jumanne ya tarehe nne Machi ndiyo iliyomharibikia Mzee Mbaruku. Alfajiri ile yeye na mkewe, Bi Zuwena, walivua bangili zao za afya watie udhu, wakaziweka dirishani kama kawaida. Walipozivaa tena, kila mmoja akavaa ya mwenzake bila kujua. Kila aliyepita miaka sabini huvishwa bangili yenye jina lake, nayo ndiyo huita wauguzi.

Baada ya chai Bi Zuwena akashika kifua. Bangili mkononi mwake ikalia, wauguzi wakafika mbio, wakambeba Mzee Mbaruku.

"Mgonjwa huyu hapa, jamani. Mimi mzima."

"Bangili imetaja jina lako, babu. Tusibishane."

Aliporudishwa jioni, majirani walikuwa wameshamwosha marehemu.

Tangu hapo wakubwa wa wauguzi wameshikilia kwamba aliyekufa ni Mbaruku. Bi Zuwena yu hai, wanasema, mapigo ya moyo wake yanafika ofisini kila siku. Hao wakubwa hawaangalii mtu, wanaangalia bangili. Mzee angeweza kuitupa chooni hiyo aliyovaa, yenye jina la mkewe, ila akiitupa, na huko kwenye mitambo yao Zuwena atakufa.

Jana muuguzi mgeni alipiga hodi.

"Shikamoo, babu. Nimekuja kumpongeza bibi. Moyo wake una nguvu kuliko wa wazee wote mtaani."

"Marahaba, mwanangu. Pita."

Mzee akamwingiza hadi chumbani, akamwonyesha kitanda, na mto mmoja usiolaliwa.

"Haya, wewe uliyetumwa na wanaojua. Yuko wapi?"