Macho ya Mzee Rogasiani

Siku hizi simu haitoi picha kabla ya kuisafisha rangi. Umanjano wote huondolewa, na hakuna namna ya kuizuia.

Eulalia alimkuta baba yake, Mzee Rogasiani, macho yamekuwa manjano kama binzari. Akampiga picha, akamtumia kaka yake mkubwa, maana bila neno lake baba haendi hospitali.

"Mbona meupe pe?" kaka akajibu. "Usinipandishe presha, mdogo wangu."

Eulalia akapiga picha tena dirishani, kisha uani. Meupe.

"Hebu nione, mwanangu," baba akasema. Akaitazama picha kwa muda mrefu. "Kumbe sijambo."

Akainama, akaanza kuvua viatu alivyokuwa amevaa tayari kwa safari ya hospitali. Eulalia akapiga magoti, akamsaidia kulegeza kamba.