Maji Baridi Kwenye Injini

Land Rover ya misheni ilichemka porini, ikiwa bado mbali na hospitali. Dereva wake, Machage, alifungua boneti, mvuke ukamrudisha nyuma. Ulipopungua, aliona mpira wa rejeta umepasuka kwa chini. Akaufunga kwa kipande cha kanga, akakaza kwa waya.

Ilibaki kutia maji tu, na debe zima lilikuwepo. Lakini injini ilikuwa ya moto mno. Jasho lake lilidondokea chuma likakauka papo hapo.

"Tungoje ipoe kwanza, mama," alimwambia bibi aliyekaa nyuma, amempakata mke wa mwanawe mwenye uchungu wa kuzaa.

"Tungoje nini, mwanangu? Mtoto ametanguliza mkono!"

Machage alijua hatari ya kutongoja. Alionywa siku ile ile aliyokabidhiwa gari: maji baridi huipasua injini ya moto, na gari haliendi tena. Ndani, yule mwanamke alipiga yowe. Machage akainua debe, akamimina.

Injini ikalia ta! Maji yakaanza kuchuruzika ubavuni mwake, kwenye ufa mwembamba kama unywele.

"Umemaliza? Twende basi," bibi alisema.

Machage alibaki ameshika debe tupu, akashindwa kugeuka kumtazama.