Mshenga na Fomu ya Chuo

Mwanakheri aliisogeza fomu ya chuo mbele ya baba yake. Mzee Makame, mshenga wa mji mzima, alitaka binti yake asome sheria. Mwanakheri alikuwa amejaza diplomasia.

"Kazi gani hii?"

"Ni yako, Baba. Juzi nilipokusindikiza kwenye ushenga, kwa bwana harusi walisema wakwe wana tamaa ya mahari. Tulipofika kwa wakwe, ukasema wenzao bado wanajipanga."

Mzee akainama, mabega yakitikisika. Kumbe anacheka! Mwanakheri akashusha pumzi.

"Na harusi yao ni Ijumaa," Mzee alisema, akitia sahihi. "Kesho nina posa ngumu. Utaongea wewe."

Akaenda mlangoni, akayasogeza makubazi yake pembeni, viatu vya binti vipate nafasi.