Robo Saa ya Asubuhi

Asubuhi ya kwanza baada ya maziko, mzee alikunja mkono wa shati, akaketi kando ya cherehani na kungoja. Kisha akakumbuka kwamba hakuna wa kumpima. Akaukunjua.

Kwa miaka kumi na tisa mkewe ndiye aliyempima presha. Alikuwa fundi nguo, mtu asiyejua kutulia. Akiamka tu, mguu uko kwenye cherehani. Lakini presha ya mumewe ilikuwa juu kila asubuhi, basi huweka kando nguo za watu, akamshika mkono, wakazungumza robo saa nzima mpaka ishuke.

"Hospitali wanasema mimi mzima," mzee alikuwa akinung'unika.

"Hospitali wanakupima mchana. Tulia, baba watoto."

Binti yao alihamia kumtunza baba, na kipimo akakishika yeye. Presha ikawa nzuri, siku hiyo na miezi yote iliyofuata. Wapangaji wenzao wa jengo wakapata la kusema.

"Kumbe maradhi yenyewe yalikuwa mke."

Utani huo ulimkaa binti kooni kama mwiba wa samaki. Mama hajamaliza hata mwaka kaburini, tayari anasingiziwa.

"Baba, niambie kweli. Mama ndiye aliyekuwa akikupandisha presha?"

"Ndiye," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akacheka.

Binti akakikunja kipimo, akatoka.

Mwaka wa pili presha ikapanda kweli, hata mchana, hata hospitali. Daktari alimwandikia vidonge, akamwagiza pia apande na kushuka ngazi za jengo kila asubuhi. Kukaa tu kitini, alisema, ndiko kunakomla.

Binti akashuka kwa mlinzi wa mlangoni, akamwomba amwangalie baba asije akaanguka ngazini.

"Aanguke nani?" mlinzi akashangaa. "Huyu alikuwa akizikimbia kila alfajiri. Orofa nne, mara tatu, viatu mkononi ili mama yako asiamke. Akimaliza, anaingia kupimwa huku anahema. Nikamwambia, mzee, utajiua bure. Akanijibu, 'Presha ikiwa chini, mwenzangu anarudi kwenye cherehani.'"

Vidonge mzee anameza kila siku. Ngazi amezikataa.