Pikapu ya Bluu ya Zagayu

Fundi Tajudin aliikataa pikapu ile ikiwa bado imefungwa nyuma ya trekta. Alimwambia Nyanda airudishe kijijini kwake Zagayu, au aikatekate auze chuma chakavu. Bariadi nzima ilijua Peugeot ile ilimuua nani.

Nyanda hakubishana. Alikaa juu ya tairi lililolala mlangoni mwa gereji mpaka mafundi wakafunga. Asubuhi walipofungua walimkuta palepale, anakohoa, akawaamkia "mwangaluka" kama mtu aliyelala kwake.

"Fundi," alisema, "nikiiuza, mambo yatabaki vilevile. Nataka itengenezwe."

Tajudin aliwaita mafundi wake. Akaagiza iingizwe ndani.

Habari yenyewe kila mtu alikuwa nayo. Asubuhi moja ya msimu wa pamba, pikapu ilikuwa ikitolewa uani kwa kurudi nyuma, imejazwa magunia mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu. Dastan, mtoto pekee wa Nyanda na mkewe Milembe, alikuwa amechuchumaa nyuma yake akichezea vumbi. Nyanda alimbeba mwanawe mikononi mpaka zahanati, na alipotoka huko akaenda moja kwa moja polisi, shati limelowa damu. Alisema alikuwa anarudi nyuma, hakumwona. Mahakamani alisema hayohayo, hakuongeza neno. Wakamfunga.

Alipotoka aliikuta pikapu imezungukwa na majani, kuku wanatagia kwenye viti. Milembe alikuwa amebaki mifupa. Haendi tena mnadani, haendi kanisani, na hata akienda kuchota maji alizunguka nyuma ya nyumba asilipite lile gari. Hakumlaumu mumewe kwa lolote. Alimwekea chakula, akaenda kukaa mbali naye.

Aliyesema ni Kasmiri, kaka yake Milembe. Alikuja kutoka Mkula kumchukua dada yake. Alimwambia Nyanda, mbele ya majirani, kwamba hakuna mwanamke wa kumsongea ugali mtu aliyemuulia mtoto, na kwamba wao hawakumwoza dada yao aje afe kwa majonzi. Nyanda aliinamisha kichwa. Akakubali kuwa shemeji yake ana haki ya kuyasema yote hayo. Aliomba kitu kimoja tu.

"Nipe muda mpaka gari litoke gereji, shemeji. Mwingi sina."

Kasmiri alitema mate chini. Mtoto yuko kaburini, na baba mtu anarembesha gari. Alimgeukia dada yake, akamwambia afunge nguo zake.

"Nabaki," alisema Milembe.

Kaka yake alimuuliza sababu. Milembe alifungua mdomo, akamtazama mumewe, akaufunga. Kasmiri aliondoka peke yake.

Kule Bariadi, Nyanda alikuja gereji kila alipopata usafiri. Umbo alitaka libaki la zamani: bluu ileile aliyoiacha baba yake, bampa ya kung'aa, vitasa vilevile. Rimu za vijana na spika kubwa alizikataa. Ila kwa ndani alitaka breki mpya zinazoshika hapohapo, usukani wa pawa ambao hata mkono mdogo ungeuzungusha, na taa kali zilizofichwa ndani ya vioo vya kizamani. Zaidi ya vyote alitaka kamera. Tajudin aliifunga juu ya namba ya nyuma, ndogo kama kifungo cha shati, na skrini yake akaipachika mahali ilipokuwa redio, kwa ustadi, kana kwamba gari lilizaliwa nayo. Mafundi waliacha kazi zao wakaja kuitazama. Hakuna aliyewahi kuona gari kuukuu la namna ile limependeza hivyo bila kupoteza sura yake.

Mwisho Nyanda aliomba kiti cha dereva kisogezwe mbele na kuinuliwa. Tajudin alimtazama, mtu mrefu kama yule. Akadhani anaajiri dereva, maana leseni yake mahakama ilikuwa imeichukua. 

Tajudin aliipeleka Zagayu yeye mwenyewe, magoti yakigonga usukani njia nzima. Alipofika alikunywa maji, akampa Nyanda mkono, ingawa alikuwa amejiapiza kutompa, akapanda bodaboda akarudi mjini.

Milembe alitoka ndani. Alisimama mbali, mikono kifuani, akiitazama bluu ile.

Nyanda alimwambia kwa upole kwamba pamba imeshavunwa, na lazima awepo mtu wa kuipeleka. Alimwambia pia alichoelezwa na daktari, kwamba kifua alichotoka nacho gerezani hakitamfikisha msimu mwingine. Milembe hakulia. Alionekana kama aliyelijua hilo siku nyingi.

"Siwezi, Baba Dastan."

"Nikiondoka utabaki na nani? Panda."

Alimfungulia mlango, akamwekea ufunguo kiganjani, akamkunja vidole kimoja kimoja. Milembe akapanda. Nyanda alimwonyesha skrini, kisha akauzunguka ubavu wa gari akishikilia bodi, pumzi zikimkata, mpaka nyuma. Hapo akachuchumaa vumbini, akajikunja, akawa na kimo cha mtoto.

"Washa, Mama Dastan," aliita. "Rudi polepole. Ukiniona, simama."

Milembe aliweka mikono kwenye usukani, mara ya kwanza tangu asubuhi ile alipohisi tairi la nyuma likipanda juu ya kitu, akadhani ni gunia limeanguka.